Mkono Ukiuma kwa Nyuma, Ujaribu Kabla ya Kuuchua



Huku kwetu Nshamba na Ihangiro yote, mvua za vuli zikianza kunyesha kila nyumba hushika jembe. Kibanja hupaliliwa, maharage hupandwa, nyasi hukatwa na kutandazwa chini ya migomba. Baada ya siku mbili tatu za kazi hiyo, wengi huamka asubuhi mkono ukiwa mzito, unauma upande wa nyuma kati ya bega na kiwiko. Nyumbani dawa huwa ni moja: mafuta ya moto, na mtu mwenye vidole vyenye nguvu wa kuchua.

Mara nyingi maumivu hayo ni uchovu tu, na yangepona hata bila kuchuliwa. Lakini mara nyingine kuna kano iliyokatika, mfupa uliovunjika, mshipa wa fahamu ulioumia, au usaha uliojificha ndani ya msuli. Mambo hayo manne hayaponi kwa kuchuliwa, bali huharibika zaidi. Na kwa familia inayokula kwa jembe na panga, mkono mmoja ukilemaa nyumba nzima huona njaa. Kwa hiyo mwezi huu tuufahamu msuli huu, na tujifunze namna ya kuujaribu nyumbani kabla mtu yeyote hajaupaka mafuta.

MSULI WENYE VICHWA VITATU

Weka kiganja chako cha kushoto nyuma ya mkono wa kulia, kati ya bega na kiwiko. Sasa sukuma meza au ukuta kwa mkono huo wa kulia. Utasikia nyama inakuwa ngumu chini ya kiganja. Huo ndio msuli tunaouzungumzia. Madaktari huuita trisepsi, jina la Kilatini lenye maana ya "wenye vichwa vitatu".

Huitwa hivyo kwa sababu kwa juu umeanzia mahali patatu. Kichwa kimoja kirefu kimeshikwa kwenye mfupa wa bega, chini kidogo ya kiungo. Vichwa viwili vingine vimeshikwa upande wa nyuma wa mfupa wa mkono wa juu. Vyote vitatu hushuka na kuungana katika kano moja pana na ngumu, ambayo imeshikwa kwenye ile ncha ya kiwiko unayoegemea mezani.

Vijana wakitaka kuonyesha nguvu hukunja mkono ili msuli wa mbele utune. Kumbe wa nyuma ndio mkubwa zaidi. Katika nyama yote ya mkono wa juu, zaidi ya nusu ni yake.

KAZI YAKE

Tukumbuke kwamba msuli wowote haujui kusukuma. Unajua kuvuta tu. Msuli wa mbele ukivuta, kiwiko hukunjika. Msuli wa nyuma ukivuta ile ncha ya kiwiko, mkono hunyooka. Misuli hii miwili hufanya kazi kama watu wawili wanaopasua mbao kwa msumeno mrefu: mmoja akivuta, mwenzake hulegeza.

Kwa hiyo kila kazi ya kunyoosha mkono kwa nguvu ni kazi ya msuli wa nyuma. Unapoteremsha jembe ardhini au kupiga panga, ni wenyewe. Unapotwanga kwenye kinu, unaposukuma randa juu ya ubao, unapokamua nguo kwenye beseni, ni wenyewe. Anayepandisha mlima na baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi anausukuma mzigo ule kwa msuli huu. Bibi anayejiinua kutoka kwenye mkeka kwa kuegemea mikono yake, na mgonjwa anayetembea kwa magongo, wote wanautegemea. Na mtu akijikwaa, msuli huu ndio unaozuia uso wake usifike chini.

Hapo pia ndipo hatari ilipo. Mtu anapoanguka na kutanguliza mkono, msuli unavuta kwa nguvu zote ili mkono usikunjike, huku uzito wa mwili unaulazimisha kukunjika. Kano inaweza kukatika kwa mvutano huo, au kuking'oa kipande cha mfupa kwenye ncha ya kiwiko. Hutokea kwa anayeanguka toka kwenye mti, kwenye pikipiki, au kwenye utelezi wa kilimani wakati wa mvua.

MAJARIBIO MATATU YA NYUMBANI

Kama mkono umepinda, mfupa umetokeza, au kuna jeraha kubwa, usijaribu lolote. Ufunge mkono usichezecheze na umpeleke mgonjwa hospitali. Kama hakuna dalili hizo, fanya majaribio haya matatu. Hayahitaji chombo chochote.

Jaribio la kwanza: kunyoosha mkono kuelekea juu. Mgonjwa akae, ainue mkono mpaka kiwiko kielekee darini na kiganja kiwe nyuma ya shingo. Mtu mwingine amsaidie kushikilia mkono wa juu. Sasa mgonjwa anyooshe kiganja kuelekea darini. Kama bega linauma na hawezi kuinua mkono, alale kifudifudi kitandani, mkono wa juu ukiwa juu ya godoro na sehemu ya chini ya kiwiko ikining'inia nje ya kitanda. Kisha ainyooshe kuelekea juu mpaka ilingane na godoro.

Kwa nini tunasisitiza kuelekea juu? Kwa sababu mkono unaoning'inia hunyooka wenyewe kwa uzito wake, hata kama kano imekatika kabisa. Mgonjwa atakwambia, "Mbona unanyooka, Sista!" Naye anasema kweli, ila aliyeunyoosha ni uzito wa mkono wenyewe, siyo msuli. Akiweza kuunyoosha kuelekea juu, hata kwa maumivu, kano yake haijakatika yote. Asipoweza kabisa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Jaribio la pili: kuinua kiganja. Mgonjwa anyooshe mkono mbele, kisha ainue kiganja kama mtu anayesimamisha gari barabarani. Anyooshe vidole vyote pamoja na dole gumba. Halafu mguse taratibu nyuma ya kiganja, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na kumwuliza kama anasikia sawasawa na mkono wa pili. Kiganja kikianguka au ngozi ikiwa na ganzi, mshipa wa fahamu umeguswa.

Jaribio la tatu: joto na ugumu. Gusa nyuma ya mikono yote miwili na kulinganisha. Je, unaouma ni wa moto zaidi? Je, kuna mahali pagumu kama ubao? Mgonjwa ana homa? Mwisho tazama vidole vyake: viwe na joto na rangi ya kawaida. Vidole vilivyopauka na kuwa baridi ni ishara kwamba damu haifiki.

Majaribio yote matatu yakiwa mema, unaweza kutulia na kumtunza mgonjwa nyumbani. Moja likiwa baya, weka mafuta kando na utafute usafiri.

UCHOVU WA KAWAIDA

Tuanze na hali iliyo ya kawaida kuliko zote. Msuli ukifanya kazi ambayo haukuizoea, nyuzi zake ndogo huumia kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku ile ya kazi. Huanza baada ya saa 12 hadi 24, huzidi siku ya pili au ya tatu, na hupungua yenyewe ndani ya wiki moja. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mwanafunzi anayerudi likizo na kupewa jembe, au kwa mfanyakazi wa ofisini anayekuja kulima siku ya Jumamosi tu.

Dawa ya hali hii ni kupunguza kazi, siyo kulala kitandani. Mkono uendelee na kazi nyepesi. Maji ya uvuguvugu na kupapaswa taratibu hayana ubaya hapa. Baada ya msuli kupona huwa na nguvu kuliko mwanzo, na kazi ile ile haitauumiza tena kama mwanzo.

Kuna tahadhari moja. Mtu aliyefanya kazi ya kupita kiasi, hasa juani na bila maji ya kunywa, akiona mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, asikae nyumbani. Maana yake nyama ya misuli imevunjika na kuingia katika damu, na inaweza kuharibu figo. Anywe maji akiwa njiani kuelekea hospitali.

MSULI ULIOCHANIKA NA KANO ILIYOKATIKA

Tofauti ya uchovu na jeraha ni namna maumivu yanavyoanza. Uchovu huja polepole kesho yake. Jeraha huja ghafla: mtu anasukuma gari lililonasa kwenye tope, au anaanguka na kutanguliza mkono, na hapo hapo anasikia kitu kimechanika. Wengine husikia hata mlio.

Ikiwa nyuzi chache tu zimechanika, mkono unauma lakini una nguvu. Hali hii hupona kwa mapumziko ya wiki mbili hadi sita. Ikiwa nyingi zimechanika, nguvu hupungua, na ngozi hubadilika rangi kwa damu iliyovia. Kano ikikatika yote, mgonjwa hushindwa jaribio la kwanza, na mara nyingine ukipapasa juu kidogo ya ncha ya kiwiko utasikia shimo.

Kano iliyokatika yote haiungi yenyewe mahali pake. Msuli huivuta kuelekea juu, na kila wiki inayopita huzidi kujikunja na kushikamana. Daktari wa upasuaji akimpata mgonjwa mapema, yaani ndani ya wiki mbili au tatu za kwanza, huishona kwa urahisi zaidi na mkono hurudia nguvu yake. Akiletwa baada ya miezi mitatu ya kuchuliwa, kazi huwa ngumu na matokeo hayana hakika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yafaa kujua pia kwamba kuna dawa zinazodhoofisha kano. Mojawapo ni siprofloksasini, ambayo watu wengi hujinunulia dukani kwa tumbo au mkojo bila cheti. Nyingine ni dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni zikitumiwa muda mrefu. Hizi ni dawa nzuri zikiandikwa na mganga kwa ugonjwa wake. Lakini anayezitumia akianza kusikia maumivu kwenye kano yoyote, apumzishe kiungo hicho na kurudi kwa mganga wake.

KIGANJA KINACHOANGUKA

Nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, chini ya msuli huu, unapita mshipa wa fahamu mkubwa. Unatoka shingoni, unapita kwapani, unauzunguka mfupa, kisha unashuka hadi kwenye kiganja. Ndio unaoupa msuli wa nyuma amri ya kunyoosha kiwiko, na ndio unaoinua kiganja na vidole. Kwa kuwa umelala karibu sana na mfupa, huumia kwa urahisi. Kuna njia nne zinazojulikana.

Ya kwanza ni kuvunjika kwa mfupa wa mkono wa juu. Mshipa unaweza kubanwa au kuvutwa pale mfupa ulipovunjikia. Habari njema ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa hurudiwa na nguvu ndani ya miezi mitatu au minne, mradi mfupa umetulizwa vizuri na hakuna aliyeuvuta-vuta.

Ya pili ni magongo. Wengi wetu huchongewa magongo nyumbani bila vipimo, na mgonjwa huyaegemea kwa makwapa. Uzito wa mwili hubana mshipa pale kwapani, na baada ya muda msuli wa nyuma hulegea na kiganja huanguka. Gongo zuri huacha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na kichwa chake. Mahali pa kushika pawe usawa wa nyonga, ili kiwiko kikunjike kidogo tu. Uzito ubebwe na viganja na msuli wa nyuma ya mkono, siyo na kwapa.

Ya tatu ni usingizi wa ulevi. Mtu aliyekunywa lubisi nyingi hulala kwenye kiti, mkono umening'inia juu ya egemeo, au hulalia mkono wake usiku kucha. Asiyelewa angegeuka kwa maumivu, lakini mlevi hageuki. Asubuhi kiganja hakiinuki. Katika nchi za Wazungu hali hii imepewa jina la kupooza kwa Jumamosi usiku, kwa kuwa ndio usiku wa ulevi. Hapa mshipa hubanwa katikati ya mkono, kwa hiyo kiwiko hunyooka vizuri ila kiganja huanguka. Watu husema amerogwa na mwenzake wa kilabuni. Hajarogwa. Wengi hupona katika wiki au miezi kadhaa.

Ya nne ni sindano iliyochomwa pasipo mahali pake. Sindano ya kuingia ndani ya msuli wa mkono huchomwa juu, upande wa nje wa bega, siyo kwa nyuma katikati ya mkono. Usikubali kuchomwa sindano na mtu asiye na mafunzo, hata kama anakuja mpaka mlangoni na bei yake ni ndogo.

Kiganja kinachoanguka kinahitaji kushikizwa kwa kibao laini ili kisibaki kimekunjika, na vidole vinyooshwe kila siku kwa msaada wa mkono wa pili ili viungo visigande. Utaonyeshwa namna ya kufanya hivyo hospitali.

USAHA ULIOJIFICHA NDANI YA MSULI

Ugonjwa huu unajulikana sana katika nchi za joto kama yetu, na wengi huuchanganya na uchovu. Vijidudu vinavyosababisha majipu huingia katika damu na kutua ndani ya msuli, mara nyingi mahali palipogongwa siku chache kabla. Hupenda zaidi mapaja na makalio, lakini mkono nao hupatwa.

Mwanzoni kuna maumivu na homa ndogo, na msuli huwa mgumu kama ubao. Kwa kuwa msuli uko ndani, ngozi ya juu inaweza isionyeshe wekundu wala kichwa cha jipu. Baada ya wiki moja au mbili usaha huwa umejaa na homa huwa kali. Wakati huo kuchua ni kuusambaza usaha katika damu, na mgonjwa anaweza kufa. Watoto, wenye kisukari, na wenye upungufu wa kinga mwilini wapo katika hatari zaidi. Tiba yake ni kupasuliwa ili usaha utoke, pamoja na dawa za kuua vijidudu. Akiwahi hupona kabisa.

MAUMIVU YANAYOTOKA KWINGINE

Siyo kila maumivu ya nyuma ya mkono yametoka kwenye mkono. Mama anayebeba ndoo au mkungu kichwani miaka yote anaweza kubanwa mshipa shingoni. Maumivu hushuka nyuma ya mkono hadi kidole cha kati, pamoja na ganzi, na msuli wa nyuma hulegea polepole. Huyu hata achuliwe mkono mwaka mzima hatapona, kwa kuwa ugonjwa uko shingoni.

Uvimbe laini kama yai kwenye ncha ya kiwiko ni mfuko wa majimaji unaokilinda kiwiko. Huvimba kwa wanaoegemea viwiko mno au waliogongwa. Usitobolewe nyumbani, maana ukitobolewa huingia vijidudu.

Na mtu mzima anayesikia maumivu ya mkono, hasa wa kushoto, pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na kukosa pumzi, asisubiri kuche. Hiyo inaweza kuwa dalili ya moyo.

HUDUMA YA KWANZA KWA JERAHA JIPYA

Kwa siku mbili au tatu za kwanza fuata mambo haya:

1. Pumzisha mkono. Ufunge kwa kanga au kitambaa kilichoning'inizwa shingoni.

2. Weka kitambaa kilicholowekwa katika maji baridi ya mtungi, dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Kama una barafu, ifunge kwanza ndani ya kitambaa.

3. Zungushia bandeji au kitambaa, lakini kisibane. Vidole vikianza kufa ganzi au kupauka, kilegeze mara moja.

4. Usiweke maji ya moto wala mafuta ya moto, na usichue. Moto huongeza damu inayovuja. Nako kuchua kwa nguvu msuli uliotoka kuumia kunaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli, na kiwiko kikagoma kukunjika.

5. Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, lakini visizidi vidonge 8 kwa siku nzima. Mtoto apimwe uzito kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni visimezwe ovyo na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mama mjamzito.

6. Usikubali chale wala kuumikwa mahali palipovimba. Wembe na pembe huingiza vijidudu, pamoja na vile vya pepopunda.

Kuhusu vibao vya kufungia mfupa uliovunjika: mfupa unahitaji kushikizwa, ndiyo, lakini kamba zikikazwa sana huzuia damu. Msuli ukikosa damu kwa muda wa saa 6 hivi huanza kufa, na mkono unaweza kukatwa. Maumivu yanayozidi baada ya kufungwa vibao, hasa vidole vikinyooshwa, siyo dalili ya mfupa kuunga. Fungua kamba na umkimbize mgonjwa hospitali.

Kwa wakazi wa Nshamba hospitali ya Rubya iko jirani, na wengine wana Kagondo au Ndolage. Ikihitajika, utapewa barua ya kwenda hospitali ya mkoa Bukoba au Bugando, Mwanza.

KURUDISHA NGUVU

Maumivu makali yakipungua, mkono usiachwe umefungwa mwezi mzima, maana kiwiko huganda upesi. Aliyeshonwa kano au aliyevunjika afuate ratiba ya daktari wake. Wengine waanze hivi, mara mbili kwa siku:

Kwanza, kunja na kunyoosha kiwiko taratibu mara 10 bila uzito. Pili, inua mkono, kunja kiwiko ili kiganja kiguse mgongo kati ya mabega, na kwa mkono wa pili sukuma kiwiko nyuma taratibu. Hesabu mpaka 20, pumzika, rudia mara tatu. Tatu, simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko na kujisukuma mara 10. Haya yakiwa mepesi, nyoosha mkono kuelekea juu ukishika chupa ya maji ya nusu lita. Kunyooka kwa msuli kunaruhusiwa kuvuta kidogo. Maumivu ya kuchoma ni amri ya kuacha.

KUJIKINGA

Msimu wa kulima ukikaribia, anza kwa saa moja au mbili kwa siku na kuongeza kidogo kidogo. Jembe liwe na mpini imara unaolingana na urefu wako, na panga linolewe, kwa kuwa chombo butu huchosha mkono mara mbili. Badilisha kazi: palilia kidogo, kisha tandaza nyasi. Mikungu mizito kwenye baiskeli isukumwe na watu wawili kwenye mlima. Kunywa maji ukiwa shambani, wala usimwache mtoto apande parachichi au mwembe wakati umelowa.

Mwisho, neno kwa kina mama na wazee wanaochua vijijini. Watu huja kwenu kabla ya kuja kwetu, na mikono yenu imewatuliza wengi waliochoka. Tunawaomba jambo moja. Mtu akija na mkono unaouma, kabla ya kugusa mafuta mwambieni anyooshe kiganja kuelekea darini, ainue kiganja kama anayesimamisha gari, kisha mpapaseni kama ana moto. Akishinda yote matatu, mchueni polepole, mradi si jeraha la siku mbili tatu hizi. Akishindwa hata moja, mwelekezeni hospitali siku hiyo hiyo, nanyi mtakuwa mmeuokoa mkono wake.